Kutoka Gishora hadi Muyinga, na Mfuko wa Visahani

Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12, na walio wengi wanaishi kwa jembe. Vilima vimelimwa hadi kileleni. Mtu anayetaka kurusha kitu hewani, hata kiwe chepesi namna gani, sharti ajue kwanza kitaangukia maharage ya nani. Shemeji yangu hakuwa na habari hiyo alipokuja likizo kutoka Finland, begani kaning'iniza mfuko uliojaa visahani vya plastiki.

Anaishi Tampere. Huko, anasema, gofu ya visahani ni mchezo wa kila mtu, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yalifanyika hapo hapo Tampere na katika mji jirani wa Nokia. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unasimama mahali, unarusha kisahani kuelekea shabaha, unakwenda hadi kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo. Aliyefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Shabaha ni nguzo ya chuma yenye kikapu, na juu yake minyororo inayoning'inia ili kukidaka kisahani kisipite. Kikapu hicho kilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick, ambaye mwaka 1975 alipanga uwanja wa kwanza wa kudumu huko Oak Grove, California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki vikatengenezwa visahani, kama alivyousia. Bibi Harusi aliposikia hayo alikirudisha mfukoni upesi kisahani alichokuwa amekishika.

Bibi Harusi ni binamu yangu. Aliolewa mwezi Juni na jina likamganda. Wa nne wetu ni Mwalimu, anayefundisha Kiswahili sekondari Gitega na ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu. Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mlangoni na ya dukani.

Kwa upande wangu, kinachonivutia zaidi ni habari ya kale kuliko ya Headrick. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, watoto wa shule walicheza gofu kwa kurusha vifuniko vya makopo kwenye miduara waliyoichora ardhini. Hawakuwa na nguzo, minyororo wala chama. Basi tulipokubaliana kupanda milimani, kutoka Gitega hadi Bugendana na kisha Muyinga, niliweka sharti moja: shabaha itakuwa chochote tutakachokikuta, na sheria za mchezo zitatoka mahali penyewe.

GITEGA

Kesho ya siku tuliyofika ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi nchini Burundi ni saa za kazi za jamii. Watu hutoka na majembe na mafagio, hufyeka njia, huzibua mitaro, na shughuli nyingine husimama. Wazee wa mtaa wa Mwalimu walimkabidhi Shemeji jembe. Akachimba mtaro mpaka malengelenge yakamtoka viganjani, nao wakacheka kwa furaha ya dhati, wakisema Ulaya imemlainisha. Mkono wa kurushia ndio ulioumia zaidi. Jambo hilo lilitusaidia sana sisi wengine siku zilizofuata.

Wajerumani walijenga kituo chao cha utawala hapa mwaka 1912, wakaliandika jina lake Kitega. Tangu 2019 mji huu ndio makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ikabaki na biashara na ziwa. Hata hivyo Gitega haina haraka ya makao makuu. Mchana tuliingia Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1955: ukumbi wa kawaida tu, wenye mikuki, vyungu, ngoma, na vikapu vya kusuka vyenye vifuniko vilivyochongoka juu, vile ambavyo hadi leo hubebwa harusini.

"Mliniambia hamna vikapu," Shemeji alisema.

"Ukirusha kitu humu ndani, shemeji, mimi sikujui," Mwalimu alimjibu.

Jioni tulicheza kwenye uwanja wa shule, na kabla ya kitu chochote hewa ilitupa somo. Bujumbura iko ufukweni mwa Tanganyika, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari; Gitega ni zaidi ya mita 1,500. Hewa nyepesi haikibebi kisahani vizuri. Kinachorushwa na mkono wa kulia kwa mtindo wa kawaida hupinda kushoto mapema na kuanguka kabla ya wakati. Shemeji, aliyezoea hewa nzito ya Finland, alikuwa analenga mlingoti wa bendera na kufika kwenye choo cha wavulana. Tukaamua hapo hapo kwamba kila mmoja atarusha kisahani alichochaguliwa na mwenzake. Mfuko ulikuwa na vya aina zote: vyembamba vyenye ukingo mkali, vya kwenda mbali, vinene vyenye ukingo wa mviringo, vya kumalizia karibu, na vya katikati. Bila shaka kila mtu alimchagulia mwenzake kile kisichofaa. Kumpa mtu kisahani cha kumalizia na kumwambia avuke nacho uwanja mzima wa mpira ni uchokozi mtupu, na ndiyo maana tulicheza hadi giza likaingia.

GISHORA

Kilima cha Gishora kiko kilomita chache tu kutoka mjini. Mwami Mwezi Gisabo aliyaweka makao haya katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya kumshinda mtemi muasi aitwaye Ntibirangwa. Nyumba za nyasi zimesimama ndani ya ua wa miti, na humo zinatunzwa ngoma mbili zinazoheshimiwa kuliko zote, Ruciteme na Murimirwa. Zamani ngoma hizo zilikuwa sehemu ya ufalme wenyewe, na ndizo zilizoufungua msimu wa kupanda mtama katika sherehe za Umuganuro.

Wapigaji walitokea nyuma ya ua wakiwa na ngoma zao vichwani, wakipiga huku wanatembea. Nilikwisha kuziona ngoma hizi viwanjani Bujumbura mara nyingi, lakini kule husimami karibu. Hapa nilisimama hatua tatu kutoka kwa kijana mmoja. Kigogo cha ngoma yake kilikuwa cha mti wa umuvugangoma, kimechongwa kwa tezo na alama za tezo bado zinaonekana; ngozi ya ng'ombe imevutwa juu yake na kuzuiwa kwa vigingi vya mti vilivyopigwa pembeni, kila kimoja kimeshikilia ngozi yake kama kidole. Alipopiga, jasho lililokuwa limedondokea ngozi liliruka juu. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayotoa amri. Amashakwe hushika mdundo usiokatika. Ibishikizo humfuata wa katikati. Mmoja mmoja hutoka mstarini, huruka magoti yakagusa kifua, huonyesha kwa fimbo shingoni kwake, na kurudi. UNESCO iliiingiza ngoma hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye amri ya rais ikaweka masharti: hairuhusiwi kuchezwa nje ya sherehe rasmi bila kibali, na wanawake hawaruhusiwi kuipiga. Bibi Harusi aliuliza sababu, akajibiwa ni desturi. Hakusema kitu, ila nilimwona akipiga mdundo ule ule pajani kwake kwa vidole, bila kukosea.

Ndani ya ua hatukuthubutu kutoa kisahani. Tuliteremka hadi kwenye uwanja wa wazi chini ya kilima, na vijana wawili wa hapo wakatufuata na kidumu cha plastiki cha lita ishirini ambacho hufanyia mazoezi. Mwalimu ndiye aliyebuni: kidumu kikianza, mchezaji ana nafasi mpaka mapigo yanyamaze, kabla hayajanyamaza awe amerusha, amekimbilia kisahani na kurusha tena, hadi aguse shina la mparachichi lililokuwa shabaha yetu. Hakuna kuhesabu mirusho. Kuna kukimbia tu. Wale vijana walijua kazi yao. Mtu akikaribia kumaliza, walikata mdundo. Akiwa mbali wanamwongezea, wakijua atachoka. Shemeji akalalamika kwamba waamuzi wana upendeleo. Mwenye kidumu akamwambia, kwa heshima zote, kwamba inkiranya haiulizwi.

MUGERA

Ukifika Mugera, tayari umeingia Bugendana. Tarafa hii iko kaskazini mwa mji wa Gitega, na Mugera ni mojawapo ya vilima vyake vyenye sifa. Mapadre Weupe walifika hapa mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya kufungua misheni ya Muyaga mashariki, na kwa hiyo parokia hii ni miongoni mwa za kale kabisa nchini. Kila tarehe 15 Agosti mahujaji humiminika kwa sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka mikoa mingine. Sisi tulifika siku chache kabla. Watu walikuwa wakifyeka nyasi na kupaka chokaa mawe ya pembezoni mwa njia, na akina mama walikuwa wamekwisha kushika nafasi za kuuzia.

Kiangazi hakina huruma na rangi ya kijani. Maharage yamevunwa, majani yamekauka, vumbi jekundu limekaa juu ya migomba hadi jani la mwisho, na moshi wa mashamba yanayosafishwa unaning'inia mabondeni. Mabonde yenyewe tu ndiyo mabichi. Huko chini watu hulima kinamasi wakati wa ukame, viazi na mboga kwenye matuta yaliyonyooka. Kutoka juu unaona mpaka wa rangi mbili ukifuata kila kijito.

Tuliomba ruhusa ya kucheza kwenye mikaratusi iliyo mbali na kanisa, tukapewa, kwa sharti kwamba tusiwapige mahujaji. Tukacheza mtindo ambao Shemeji aliutaka sana: wawili kwa wawili, na kila timu inaendelea kutoka ulipoangukia mrusho mbaya zaidi kati ya miwili. Kinyume chake kipo pia, ambapo timu huchukua mrusho bora, na huo ndio unaochezwa zaidi duniani kwa kuwa kila mtu hutoka akijiona hodari. Huu wa mbaya unavunja nyumba. Mwenzako akirusha vizuri, haikusaidii chochote, anangoja uharibu. Ukirusha wewe vizuri, anaharibu yeye. Na hata kumaliza lazima mmalize wote wawili mfululizo. Nilikuwa timu moja na Bibi Harusi. Kwenye mkaratusi wa tatu mimi niligusa shina, yeye akarusha kisahani kikapita chini ya miguu ya mzee mmoja aliyebeba kuni. Tukarudi kule. Nikagusa tena, yeye akatua kichakani. Nilimwita jina lake halisi, na katika ukoo wetu hiyo ni dalili mbaya. Mwalimu na Shemeji, waliokuwa wanaongoza, walikuwa wamenuniana zaidi yetu.

Mtindo huu siupendekezi kwa marafiki wanaotaka kubaki marafiki. Ila nauheshimu kwa jambo moja: ndio pekee ambao aliye hodari hawezi kumbeba asiyejua wala kumpuuza. Kwa kila mrusho anamwelekeza, anamshika kiwiko, anamwambia ateremshe pua ya kisahani. Bibi Harusi alijifunza kurusha pale Mugera, kwa hasira yangu.

Tulipatana kwa chakula. Mama mmoja alitupakulia maharage yaliyochanganywa na ndizi, mafuta ya mawese yakiwa yamekolea hadi mchuzi umekuwa wa rangi ya machungwa, na pembeni ubugari wa muhogo na isombe, yaani kisamvu. Shemeji alikula bila kunyanyua kichwa. Alisema Tampere muhogo upo, katika duka la Waasia, umegandishwa, na kwamba hataki kuuzungumzia.

BUGENDANA

Kituo cha tarafa ni barabara, soko, ofisi, maduka yenye kuta za bluu za kampuni za simu, na baiskeli. Baiskeli ndiyo lori la vilima hivi. Mtu mmoja hubeba mikungu ya ndizi ambayo ukiitazama kutoka nyuma humwoni mwendeshaji, huteremka kwa breki ya soli ya kiatu, na akikuta mlima hushika nyuma ya gari linalopita ili limvute.

Kwa Mrundi wa umri fulani, Bugendana si jina jepesi. Tarehe 20 Julai 1996 watu wenye silaha waliivamia kambi ya watu waliokuwa wamekimbia makwao tangu vita vilipoanza mwaka 1993. Zaidi ya watu 300 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Siku tatu baadaye Rais Sylvestre Ntibantunganya alikuja mazishini, na waombolezaji wakamrushia mawe. Muda mfupi baadaye alikimbilia makazi ya balozi wa Marekani, na tarehe 25 jeshi likampindua na kumrudisha Pierre Buyoya madarakani. Yote hayo yalitokea kati ya Jumamosi moja na Alhamisi. Mwalimu alikuwa mtoto wakati huo. Alitupeleka makaburini asubuhi, mapema. Mfuko wa visahani ulibaki kwenye gari, na kilima kile chote tuliamua ni nje ya mchezo, hata kwa macho. Mwalimu alisema kidogo. Alisema kwamba watu wa pande zote hapa wanalima mashamba yanayopakana, wanauziana mbegu, na kila Julai wafiwa hukusanyika. Kisha akatuuliza kama tumekunywa chai.

Soko lilikuwa limejaa. Ndagala waliokaushwa kutoka Tanganyika wamerundikwa juu ya magunia, harufu yao ikinirudisha nyumbani, maparachichi ya kila umbo, mtama mwekundu wa kutengenezea pombe ya impeke, vyungu, chumvi inayopimwa kwa kopo. Na pembeni, chini ya mwavuli uliochanika, mama mmoja wa makamo alikuwa anasokota kamba.

Nilikaa kumtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na fungu la magome makavu ya mgomba yaliyolowekwa. Alichukua moja, akalichana kwa ukucha wa kidole gumba likawa nyuzi pana kiasi cha kidole, akaziweka nyuzi mbili juu ya paja na kuzisukuma kwa kiganja kuelekea gotini, kila moja ikajisokota peke yake. Halafu kwa kurudisha kiganja nyuma akaziacha zikumbatiane. Kabla uzi haujaisha aliongeza mwingine ndani yake, hivi kwamba ukitafuta maungio huyaoni. Hakuna fundo hata moja. Kiganja kinakwenda na kurudi, na huku anajadiliana na mteja wa kuku.

"Mama, hii inafaa kwa mchezo," Shemeji alisema, na kwa mara ya kwanza safari ile alikuwa amefikiria kitu kizuri.

Aliyoyaeleza, Mwalimu akimtafsiria mama yule kwa Kirundi, ni haya. Katika gofu ya kawaida na hii ya visahani, marafiki wasiolingana hupeana kamba. Kila mchezaji hupewa yake, na asiyejua hupewa ndefu. Wakati wowote unaruhusiwa kukisogeza kisahani chako kutoka kichakani, au kutoka nyuma ya mti, au kukifikisha kwenye shabaha. Lakini urefu ulioutumia unakatwa papo hapo na kutupwa. Kamba ikiisha, imeisha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nani ni hodari. Tukamwonyesha Shemeji. Akauliza nani hajui kabisa. Bibi Harusi akainua mkono mwenyewe. Basi mama akanyoosha mikono, akapima kwa kifua chake: pima nne kwa Bibi Harusi, mbili kwangu, moja kwa Mwalimu. Kwa Shemeji akapima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, dhiraa moja, akakata.

"Huyu ametoka Ulaya," alisema. "Anazo nyingine huko."

Tulicheza kwenye uwanja wa mpira nyuma ya soko na viambaza vyake, na kwa kuwa ilikuwa likizo za shule, tulikuwa na watazamaji wengi kuliko timu fulani za ligi. Watoto hao ndio waliotuchagulia shabaha. Aliyeshinda shabaha moja angemteua mtoto, na mtoto angetaja inayofuata: mlingoti wa goli, kisiki cha mkaratusi, gurudumu la akiba lililoegemezwa ukutani (mwenyewe aliulizwa, akakubali, akaja kutazama), mbuzi. Mbuzi tulimkataa baada ya kuondoka katikati ya mchezo. Kuhusu mashamba tuliweka sheria ambayo ningependa ifuatwe na kila atakayecheza Burundi: kisahani kikiingia shamba la mtu, mwenye shamba ndiye anayekitoa, na anakiweka anapotaka yeye. Mzee mmoja alikiweka changu nyuma ya banda lake la ng'ombe, akaketi kusubiri nitafanyaje. Ilinigharimu pima nzima.

Hapo ndipo nilipoona ubora wa kamba. Mitindo mingine huwasawazisha watu kwa bahati au kwa fujo. Hii inampa kila mtu akiba na kumwachia aamue. Mimi niliimaliza mapema, kwa banda la ng'ombe na kwa miiba. Mwalimu alikuwa bahili, akakata shibiri shibiri. Shemeji hakuigusa dhiraa yake kabisa, kwa majivuno. Na Bibi Harusi alirusha ovyo, akafika mwisho mwisho, akaandikiwa mirusho mingi, lakini kamba yake yote bado imezungushwa kiunoni. Shabaha nne zilipobaki akaanza kuitumia. Kisahani kikianguka karibu na shabaha, anafungua kamba, analaza, mtoto anashika ncha, mama wa kamba anakata kwa kisu. Imeingia. Shabaha ya mwisho ilikuwa jiwe kubwa jeupe kwenye kona ya uwanja. Shemeji alikuwa mbele kwa mrusho mmoja. Akarusha, kisahani kikalikosa jiwe kidogo, kikasimama kwa ukingo wake na kuanza kubingirika mteremkoni, watoto wakikikimbiza kwa kelele, hadi barabarani. Dhiraa moja haikuwa ya kutosha kukirudisha kutoka barabarani.

Bibi Harusi alitua pima moja na kitu kutoka kwenye jiwe. Kamba aliyobakiwa nayo ilifika, ikabaki shibiri. Shemeji akasema ushindi wa kamba si ushindi. Mama, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameacha kabisa kuuza, akamuuliza kama alimwona mtu yeyote akiiba.

Tulikula brosheti za mbuzi na ndizi za kuchoma, pilipili ikiwa kali kiasi cha kufuta mazungumzo yote ya matokeo, tukarudi Gitega kulala.

RUVUBU NA KARUZI

Ukishika njia ya Karuzi kutoka Gitega unauvuka Ruvubu. Mto una rangi ya chai ya maziwa na haukimbii. Kijito cha kusini kabisa cha maji haya kinaanzia Rutovu, ambako mwaka 1938 palijengwa piramidi ndogo ya mawe kwa sababu mchunguzi Mjerumani, Burkhart Waldecker, alikuwa amepatambua kuwa chanzo cha mbali zaidi cha Nile upande wa kusini. Maji ya Rutovu huingia Ruvyironza, Ruvyironza huingia Ruvubu, nao Ruvubu huchangia Kagera hadi Ziwa Viktoria. Shemeji alitaka kurusha kisahani kimoja kiende Misri. Mwalimu akamkumbusha bei aliyokitajia mwenyewe.

Karuzi tulipita. Mashamba ya mpunga mabondeni, mihogo vilimani, na upande wa mashariki, mbali, nchi inayofunguka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyotengwa mwaka 1980, ambako bado kuna nyati na viboko. Upepo ulikuwa mkali, na mfuko haukufunguliwa.

MUYINGA

Nilijua tumefika nilipoamkiwa kwa Kiswahili na muuza maandazi kabla sijafungua mdomo. Muyinga iko karibu na mpaka wa Kobero, na ng'ambo yake ni Ngara, Tanzania. Malori hupita usiku na mchana. Ramani mpya ya mwaka 2025, iliyopunguza mikoa hadi mitano, imeuweka mji huu katika mkoa wa Buhumuza, ila watu wanaendelea kusema Muyinga kwa kila kitu. Waislamu ni wengi hapa. Asubuhi unasikia adhana na kengele zikipokezana, na mtaani unakutana na kanzu, kofia za kushona, chai ya maziwa yenye tangawizi, na watu wanaobadilisha Kirundi na Kiswahili katikati ya sentensi bila kujua wamebadilisha.

Kwenye baraza moja karibu na msikiti wazee walikuwa wanacheza ikibuguzo. Ubao una mistari minne ya mashimo manane, kete 64, kila mchezaji na mistari yake miwili. Mtu wa pwani angeutambua mara moja kuwa ni ndugu wa bao. Na kama katika bao, kete unazomla mwenzako hazitoki mchezoni: unazipanda tena upande wako, nazo zinaweza kuliwa tena. Mzee mmoja mwenye kofia aliuona mfuko wa Shemeji.

"Shikamoo, mzee," Shemeji alimwamkia.

"Marahaba. Hizo sahani mnapakulia nini?"

Tulimweleza. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali mafupi. Mnahesabu vipi? Kwa mirusho. Na aliyeshindwa anatoa nini? Hatoi kitu. Basi hamchezi, akasema, na akamwaga kete zote za ubao wake juu ya mkeka.

Mtindo wa mwisho wa safari yetu ulitungwa na yeye, kwa dakika tano, na sijaona ulio bora kuuzidi kwa watu wanne. Kete 64, kila mtu 16. Kila unaporusha unaweka kete moja kwenye shimo la kati. Wa kwanza kugusa shabaha huzoa zote zilizomo. Anayeishiwa kete ametoka. Hakuna kete inayoondoka: zinahama tu kutoka mkono hadi mkono mpaka wabaki wawili, kisha mmoja. Kwa sheria hiyo mrusho wa pupa una bei, na mrusho wa woga pia una bei, kwa kuwa ukisogea kidogo kidogo unamlisha mwenzako. Tulicheza katika uwanja wa mchanga mbele ya baraza, shabaha ikiwa debe tupu, kisha ndoo, kisha mguu wa benchi aliloketi mzee mwenyewe.

Mimi nilitoka wa kwanza. Shemeji alifuata, baada ya kujaribu kupiga debe kutoka mbali mara tatu mfululizo na kuwagawia wenzake utajiri. Akaomba akopeshwe kete nne.

"Kete hazikopeshwi," mzee alisema. "Hata kwa mkwe."

Adhana ya Magharibi ilipoanza, Mwalimu alikuwa na kete 27 na Bibi Harusi 37. Mzee alizihesabu mbele ya mashahidi, akazifunga katika vitambaa viwili tofauti, akavitia mfukoni vyote viwili na kwenda kuswali. Aliporudi baada ya Isha, taa ya dukani ilikuwa imewashwa, debe limerudishwa mahali pake, na karibu nusu ya mtaa ilikuwa imekwisha kuchagua upande. Mwalimu alishangiliwa kwa kelele nyingi kwa sababu ndiye aliyekaribia zaidi kuwa mwenyeji. Bibi Harusi alikuwa na akina mama wote.

Mwalimu ndiye aliyeanza kurusha.